Makufuli Mawili kwa Injini Moja

Injini ya pikapu ya Asteria haikufa kifo cha ghafla. Ilianza kuumwa mwezi wa pili, ikalalamika Kwaresima nzima, na wiki moja baada ya Pasaka ikanoki, ikazima kabisa njiani kabla ya kufika Maore, gari likiwa na magunia kumi na mawili ya tangawizi kutoka Myamba. Dashibodi ilisoma kilomita laki nne na themanini na saba elfu, na hizo ni zile zilizohesabiwa kabla waya wa saa haujakatika. Zilizofuata baada ya hapo alizijua Asteria na Mungu wake. Mtu mwenye akili za haraka angesema gari limekula chumvi nyingi, liachwe lipumzike. Ndivyo walivyosema watoto wake, ila wao hawakuwa wanalizungumzia gari peke yake.

Asteria alikuwa na miaka sitini na mitatu. Mumewe, Nathanael, alipofariki, aliajiri madereva wawili, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alimwibia dizeli. Wa pili alimwibia dizeli na tairi la akiba. Basi akajifunza kuendesha mwenyewe akiwa na miaka arobaini na tisa, kwenye milima ambayo vijana wenye leseni mpya huipanda huku wakisali kimoyomoyo. Miaka kumi na minne alikuwa akishuka na tangawizi na kupanda na sukari, mabati, na wagonjwa waliopona na wasiopona. Hakuwahi kugonga mtu, na kuku aliowagonga aliwalipa wote, ingawa mmoja alimlipa baada ya kesi.

Mwanawe mkubwa, Anderson, alikuwa mfanyakazi wa benki Dar es Salaam. Binti yake, Devotha, alifundisha Mwanza. Hao wawili walijadiliana kwenye simu zao bila mama yao, wakapitisha kwa kauli moja kwamba mama apumzike. Gari liuzwe kama chuma chakavu, yeye ahamie kwa Anderson, apewe chumba chenye feni na televisheni. Asteria aliposomewa uamuzi huo aliingiwa na hofu. Dada yake Dorkas naye alipumzishwa hivyo hivyo. Alikuwa mwanamke wa kupanda mlima na ndoo kichwani. Huko mjini wakamkatalia hata kufagia uwanja, na baada ya miezi kumi na minne akarudishwa Myamba ndani ya jeneza. Daktari aliandika presha. Asteria alijua ni kile kiti walichomkalisha.

Kwa hiyo akamuuza ng'ombe wake wa maziwa, akawatangazia watoto kwamba ananunua injini ya mtumba. Anderson aliomba likizo akaja mbio kumzuia. Walivutana siku mbili jikoni, mama akichambua maharage, mwana akipiga hesabu, mpaka wakafikia mapatano. Injini moja tu. Mama akipata nzima, ataendesha na hakuna atakayemsema. Akiuziwa mbuzi kwenye gunia, gari linauzwa na yeye anapanda basi la Dar es Salaam bila kinyongo. Anderson aliyatamka masharti hayo kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda, kwa sababu alijua ulivyo ulimwengu wa injini za mtumba.

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," Asteria alimjibu, akaenda kutafuta viatu vya safari.

Mjini Same, pikapu ilikuwa imevutwa hadi gereji ya fundi Paschal, aliyeihudumia kwa miaka kumi na moja. Paschal alikuwa ameshamtafutia injini kwenye duka la Elinaza, jirani na barabara kuu. Aliapa kwamba ameikagua mwenyewe na ni safi, na Asteria alimwamini. Fundi wa siku nyingi ni kama mkunga, ameshaona kila kitu chako, utamficha nini tena.

Walifika dukani saa nne asubuhi, upepo wa Same ukiwapaka vumbi bila kuwauliza. Elinaza, mwenye duka, mzaliwa wa Ugweno, mwenye tumbo la heshima na kalamu sikioni, akamkaribisha Anderson kwanza, akamwita bosi, akamvutia kiti. Mama akapewa shikamoo na nafasi ya kusimama. Mbele yao, ndani kabisa ya banda ambako jua halifiki, injini ilikuwa imekalishwa juu ya matairi mawili, imeoshwa, imepakwa rangi ya fedha inayong'aa, betri na kidumu cha dizeli viko tayari kandoni. Pembeni yake kulikuwa na injini nyingine ya aina ile ile, chafu, imeshika kutu, na juu yake chupa ya chai na vikombe viwili vya Elinaza.

Elinaza akawaeleza wateja wake habari za Japani kana kwamba amezaliwa huko. Asteria hakusikiliza. Alijisogeza karibu na ile injini ya rangi ya fedha, akaweka mgongo wa kiganja chake ubavuni mwake, kama anavyompima mtoto homa. Kisha akauweka kwenye ile chafu. Akarudi mahali pake.

Waya ziligusishwa na injini ikawaka papo hapo. Iliunguruma laini, moshi hakuna, kelele hakuna. Paschal akatikisa kichwa kwa kuridhika. Anderson akatabasamu kwa uchovu, maana tiketi yake ya basi ilikuwa ya kesho, na hata kushindwa kulimfaa ilimradi kusimcheleweshe. Alikuwa ameshaanza kuulizia gari la kuibeba pale mama yake alipouliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, injini hiyo ina muda gani dukani. Elinaza akasema miezi mitatu. Na imewashwa lini mara ya mwisho? Haijawahi kuwashwa tangu ishuke melini, akajibu Elinaza, mama ndiye wa kwanza kuisikia.

"Mbona niliikuta na joto?" Asteria akauliza.

Elinaza akacheka, akamlaumu Mungu kwa jua la Same. Asteria akamwonyesha kwamba banda lina kivuli, na kwamba ile inayobeba chupa ya chai imekaa kivulini hapo hapo na ni baridi kama jiwe la mtoni. Jua gani hilo linalochagua injini.

Hapo ndipo Elinaza alipokosea hesabu zake, na alikosea kwa sababu alishakaa sana bondeni. Watu wa Same hawajui baridi. Mteja wa bondeni akikuta chuma kina joto hashangai. Lakini mtu anayewasha gari Myamba saa kumi na moja alfajiri, ukungu ukiwa umelala juu ya boneti, anajua kwamba injini iliyochoka ni kama mtu mwenye baridi yabisi. Ikishapata moto inatembea kama nzima. Asubuhi, inapoamshwa, ndipo inaposema ukweli. Asteria alilijua hilo kwa magari, na zaidi alilijua kwa magoti yake mwenyewe.

Akasema ataisubiri ipoe. Elinaza akasema haitapoa mpaka jioni. Asteria akasema, hapana, mpaka kesho asubuhi, anataka kuisikia ikiamka. Elinaza akapoteza ucheshi wake. Akamgeukia Anderson, akamwambia bosi zungumza na mama, wateja wa injini hii wako foleni, na kama mama anapenda vitu vya baridi basi achukue hiyo meza yake ya chai, atampa kwa nusu bei. Vijana wa bodaboda waliokuwa wamejikinga na vumbi mlangoni wakacheka sana. Asteria naye akacheka kidogo, akawauliza kama wamesikia vizuri. Wakasema wamesikia.

Kisha akavuta tairi kuukuu, akaketi katikati ya mlango.

Alikaa hapo siku nzima. Saa saba alifungua hotpoti yake ya makande, akala taratibu, akamkaribisha Elinaza, ambaye alikataa. Kila mteja aliyekuja kuulizia injini alikutana kwanza na mama wa makamo aliyemwomba, kwa adabu zote, apitishe mkono wake kwenye ile ya fedha na kwenye ile ya kutu, halafu amwambie tofauti. Wawili waliondoka bila kununua chochote. Anderson alikwenda kunywa soda mara tano. Mara ya sita alirudi akachuchumaa karibu na mama yake, akamsihi kwa sauti ya chini. Alisema anamwaibisha. Alisema Paschal ni fundi na amesema ni nzima, yeye ni nani kubishana na fundi.

"Mimi ndiye nitakayekuwa nayo mlimani, mvua inanyesha, na mama mwenye uchungu wa kuzaa pembeni yangu," Asteria alimwambia. "Paschal atakuwa amelala."

Ilipofika saa kumi na mbili jioni Elinaza akafunga milango ya bati, akatia kufuli, akaaga kwa kejeli. Asteria alikuwa ameshavuka barabara mpaka duka la vifaa vya ujenzi. Akarudi na kufuli jipya, kubwa kama ngumi, akalipachika kwenye pete ile ile, juu ya lile la Elinaza, akalibana, na funguo akaziweka kifuani.

Elinaza alilitazama kufuli lile kama mtu aliyekuta ng'ombe wa jirani sebuleni. Alisema hajapata kuona dharau ya namna hiyo. Akasema anakwenda polisi. Watu walikuwa wamekusanyika, na miongoni mwao mmoja akakumbusha ule utani wa siku zote, kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku.

"Mimi ng'ombe nimeshamuuza," Asteria alisema. "Iliyobaki ni kesi tu. Twende, Elinaza. Tuwaambie unaniuzia injini ambayo haijawahi kuwashwa, na mimi nitawaambia joto lilitoka wapi."

Watu walicheka mpaka wenye bodaboda wakazima pikipiki zao ili wacheke vizuri. Elinaza peke yake hakucheka. Yeye naye ni Mpare, na kule Ugweno alikuwa na kesi na baba yake mdogo kuhusu mpaka wa migomba, kesi iliyoingia mwaka wa tisa na kula mashamba mawili makubwa kuliko lile linalogombewa. Alimtazama yule mama usoni akaona kile anachokiona kwenye kioo kila asubuhi. Akasema, haya, kesho saa moja.

Asteria na mwanawe walilala kwa mpwa wake Kurwa, mtaa wa pili. Anderson hakula vizuri. Asteria alikula, lakini kitandani hofu ilimrudia yote. Namna gani ikiwa ni kweli lilikuwa jua? Namna gani ikiwa amewafukuza wateja wa watu, amemwaibisha mwanawe, na injini ni nzima kabisa? Au ni mbovu, na hakuna nyingine, na pesa ya ng'ombe inaisha kwa nauli za kwenda na kurudi? Alijiona katika chumba chenye feni. Saa kumi na moja na nusu akaamka, akajifunga khanga, akaenda kusimama mlangoni kwa Elinaza kulilinda kufuli lake.

Paschal alifika wa pili. Elinaza alifika saa moja kamili. Kila mmoja akafungua kufuli lake. Asteria akaingia wa kwanza, akaweka mgongo wa kiganja kwenye rangi ya fedha: baridi. Akamwambia Elinaza awashe.

Iligoma mara ya kwanza. Mara ya pili ilikohoa ikanyamaza. Mara ya tatu ikawaka, na banda zima likajaa moshi wa buluu wenye harufu ya oili iliyoungua, na kutoka chini tumboni mwake ukasikika mlio wa kugonga, ko ko ko ko, kama mtu aliyefungiwa ndani anaomba afunguliwe. Vijana wa mlangoni walijisogeza ndani. Hata Anderson, ambaye injini anazijua kwenye fomu za mikopo, alielewa. Walisimama hapo karibu dakika sita wakiisikiliza, na kadiri ilivyopata moto ndivyo ule mlio wa kugonga ulivyofifia na moshi ulivyopungua, mpaka ikarudi kuwa ile injini laini ya jana. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa na urefu wa dakika sita.

Elinaza alianza habari za dizeli chafu. Asteria hakumtazama. Alikuwa anamtazama Paschal, na Paschal alikuwa anatazama viatu vyake.

"Alikupa cha juu," Asteria alisema.

Paschal hakukataa. Alisema ada za shule zimembana, alisema alijua ingefika hata mwaka. Asteria alisikia uchungu ambao hakuutarajia, mkali kuliko hasira ya kuibiwa dizeli, kwa sababu huyu alikula kwake Krismasi, na mtoto wake wa kwanza alishushwa hospitali kwa gari hilo hilo. Mwaka. Alikuwa amemuuzia mwaka mmoja, halafu kiti kama cha Dorkas. Angetaka kulia, lakini kulikuwa na watu, na kazi haijaisha.

Akanyanyua chupa ya chai ya Elinaza na vikombe vyake viwili, akaviweka chini vizuri bila kumwaga, akasema waya na dizeli viletwe huku.

Elinaza akasema hiyo haijaguswa mwaka mzima, sikio moja la kufungia limevunjika, hakuna anayeitaka. Asteria akasema yeye anaitaka. Wakaigeuza kwa mkono kwanza. Ilizunguka kwa uzito wa haki. Akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwenye kidole, akanusa. Elinaza akagusisha waya. Mara ya kwanza ikazunguka bure. Mara ya pili ikashika, ikatoa moshi mweupe kidogo, ikautema, ikatulia. Asteria aliinama mpaka sikio likakaribia chuma. Alisubiri ule mlio wa kugonga. Akasubiri tena. Kilichokuja ni mlio mmoja tu, mkavu, wa kufanana mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayetwanga huku anawaza mambo mengine.

"Hii ndiyo yangu," akasema.

Elinaza akapata uhai ghafla. Akaeleza kwamba sasa wameona wenyewe ni injini ya maana, kwa hiyo bei yake ni ile ile ya mwenzake. Asteria akawageukia vijana wa bodaboda, akawauliza jana mwenye duka alitaja bei gani kwa meza yake ya chai. Wakajibu kwa pamoja, wengine wakirudia hata namna alivyocheka. Elinaza akatazama mlango wake, mahali ambapo kufuli kubwa kama ngumi lilikuwa bado linaning'inia, akachukua kalamu sikioni na kuandika risiti. Akaambatanisha na karatasi ya ushuru yenye namba ya injini, maana Asteria aliisoma namba hiyo kwenye chuma tarakimu kwa tarakimu kabla ya kutoa hata shilingi. Nusu ya ng'ombe ilibaki kwenye khanga.

Paschal alikuwa ameanza kurudi nyuma kuelekea barabarani. Asteria akamwita. Akamwambia ni yeye atakayeifunga, na sikio lililovunjika atalichomea, kwa bei waliyokubaliana, maana yeye hadhulumu mtu. Ila atakaa pale gereji kwenye kigoda, na kila nati itakayokazwa ataitazama. Paschal akasema sawa, mama. Siku tatu alikaza nati akitazamwa, na wanaomfahamu wanasema hajawahi kufanya kazi safi kama ile.

Anderson hakuondoka na basi lake. Alibadilisha tiketi mara mbili bila kueleza sababu. Siku ya nne, saa nne asubuhi, walitoka Same na mabati arobaini mgongoni, wakapita Kisiwani ambako wafugaji walikuwa wakivusha ng'ombe barabarani bila haraka yoyote, wakapita Maore, wakaanza kuukwea mlima. Njia ilikuwa imelowa. Kwenye kona zile ambazo upande mmoja ni mwamba na upande mwingine ni vilele vya miti, Anderson alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Asteria alikuwa ameshika usukani kwa mmoja. Injini ilivuta mzigo bila kubembelezwa, na kila ilipovuta yeye alihisi kifua kinamfunguka, mpaka akaanza kuimba kwaya kwa sauti aliyokuwa hajaitumia tangu Pasaka.

Katikati ya mpando mrefu simu ya Anderson ikalia. Ni Devotha kutoka Mwanza. Aliongea kwa nguvu kiasi kwamba Asteria alisikia kila neno: imekuwaje, siku zote hizo kimya, mama amekubali kupumzika au hajakubali? Anderson alimtazama mama yake. Kisha akatazama bonde lililokuwa limeachwa chini kabisa.

"Mwambie siwezi kuongea na simu, ninaendesha," Asteria alisema. "Kama anamtafuta aliyepumzika, aongee na wewe uliyekaa."

Anderson akayarudia maneno hayo kwenye simu kama yalivyo, na mama yake akashusha gia kwa ajili ya kona inayofuata.